Furu moja, saa mbili

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika kidogo, ikarudi. Nguo zangu za salongo, kazi ya usafi ya pamoja, bado zimelowa kwenye kamba ya ndani. Kichwa kimetulia. Hasira sina, furaha kubwa pia sina. Nina jambo la kuandika ambalo halina nafasi kwenye taarifa ya habari.

Taarifa ya leo niliiandika asubuhi: wananchi wa mtaa wa Kasuku wamejitokeza kufyeka majani kando ya reli. Ni kweli, walijitokeza. Mvua iliwarudisha nyumbani kabla majani hayajaisha, na hilo sikuliandika kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Hili la furu nimejiuliza mwenyewe.

Hapa Kindu furu ni kila kitu kinachooka, kiwe cha matofali au cha mikate. Furu ya Mama Salima, jirani yangu, ni ya umeme. Ina mlango wa kioo, na juu ya mlango ina namba nyekundu zinazowaka. Ilikuwa ya mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa kwenye machimbo ya Kalima. Alipomaliza mkataba wake hakutaka kusafiri nayo, na mume wa Mama Salima, Papa Ramazani, akaichukua. Ilikuja juu ya lori, imefungwa kwa magodoro. Barabara ya Kalima haina huruma hata kwa mtu, sembuse kioo. Kioo hakikuvunjika. Kilichoumia kilikuwa ndani.

Mama Salima anapika keki na mikate ya maziwa, anaiuza kwenye meza yake pale gare, stesheni ya gari-moshi. Zamani alitumia furu ya udongo nyuma ya nyumba. Alipopata hii ya umeme, ile ya udongo aliiacha mvua iiyeyushe. Sasa imebaki kilima kidogo, kuku wanalala juu yake.

Furu mpya ilipokataa kuwaka, mimi ndiye niliyemleta Lumbu.

Lumbu ni fundi wa mitambo kwenye kituo chetu cha redio. Amesomea kazi hiyo huko Kasai, kwao, na anaifanya vizuri. Redio ikinyamaza yeye ndiye anayeifanya iseme tena. Ni mtu mkimya, anavaa abakosi yake, koti la heshima lisilo na tai, imefungwa mpaka kifungo cha juu hata joto likizidi. Wenyeji wanamheshimu, lakini bado wanamwita Mukasai, kana kwamba hakupewa jina.

Alifungua mgongo wa furu mbele yetu, akatoa karte. Ndiyo anavyoiita: kibao chembamba cha kijani kilichojaa vitu vidogo, na hicho ndicho kinachoamua joto lije au lisije. Alinionyesha mguu mmoja wa rele, kile kijiswichi kinachovutwa na umeme. Risasi ya kulehemia iliyoushika ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Lori lilikuwa limeutikisa mpaka ukalegea. Akaulehemu upya, akarudisha karte, akaweka saa, akabonyeza alama yenye picha ya mkono, na furu ikapata joto. Papa Ramazani alipiga makofi. Mama Salima alioka keki siku ileile, nami nikala.

Kama mambo yangeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika.

Baada ya siku chache furu ilikataa tena. Namba zinawaka, taa ya ndani inawaka, joto hakuna. Mama Salima alilieleza jambo hilo kwenye ukuta unaotutenganisha kwa namna ambayo isingeeleweka mahali pengine: "Moto iko, lakini moto haiko." Moto wa kwanza ni umeme. Wa pili ni wa kuivisha keki. Lumbu alielewa mara moja. Alikuja, akachukua karte, akaenda nayo kwenye karakana ya kituo, akaiunganisha na taa badala ya furu. Rele ikavuta, taa ikawaka. Aliiacha hivyo muda mrefu. Hakuna kosa. Alirudisha karte mahali pake, akawasha furu mwenyewe, ikapata joto mbele ya wote.

Kesho yake ikakataa.

Ikawa hivyo tena, na tena. Akiwa yeye yupo, inaoka. Siku nyingine inaoka hata kama hayupo. Siku nyingine inakaa baridi mchana kutwa na unga unachacha. Mbaya zaidi, asubuhi moja Mama Salima alirudi nyumbani kuchukua vitambaa alivyosahau, akakuta furu inawaka yenyewe, tupu, mlango ni wa moto, na ndani ya nyumba hakuna mtu; gare akasema ni jini.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mama Salima si mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alikuwa na hasara ya keki mbichi. Pale gare, mbele ya wanunuzi, alisema hivi: "Akiwa hapa, furu inawaka. Akienda, inakufa. Muntu wa namna gani huyo? Karte inaenda kwake nzima, inarudi nusu." Mmoja akauliza nusu ingine iko wapi. Mwingine akajibu kwamba mafundi wa redio wanahitaji vipande kila siku. Mama Salima hakukana.

Kati ya waliosikia alikuwa mke wa mkuu wetu wa kituo cha redio. Hununua mikate pale kila mara.

Jana mkuu alimwita Lumbu. Hakumshutumu. Alimwomba tu aache mezani ufunguo wa kabati la vipuri mpaka mambo yawe wazi, na Jumatatu watazungumza. Lumbu alinieleza haya kwenye korido, kwa sauti ileile anayotumia kuniambia kwamba kinasa-sauti kiko tayari. Fundi asiye na ufunguo wa vipuri kwenye kituo chetu ni mlinzi aliyevaa vizuri. Na mtu ambaye jina lake limechafuka Kindu hapati pa kulisafishia. Mji wote unajua mlango wake.

Nilimwambia twende kesho mchana, kabla ya Jumatatu. Akauliza twende kufanya nini, wakati karte ni nzima na ameipima kila namna. Katika kazi yangu, ukikosa jibu unarudi pale jambo lilipotokea na kutazama tena. Sina elimu nyingine.

Basi leo tulienda, mvua ikiwa imepungua. Umeme ulikuwapo tangu asubuhi.

Mama Salima alitupokea kwa adabu. Viti vilifutwa, kahawa ikaletwa. Kikombe changu alinipa mkononi. Cha Lumbu alikiweka mezani, mbali kidogo, kama mtu anayemwekea paka maziwa. Lumbu alikiona kikombe, akakichukua, akashukuru. Papa Ramazani, ambaye ni karani wa reli na hapendi kimya, alizungumzia mvua mpaka mvua ikaisha kuzungumzwa.

Lumbu alimwomba Mama Salima aeleze tena, pole pole, anafanya nini. Akaeleza. Keki inaingia saa tisa, inatakiwa kutoka saa kumi. Anawasha kitufe cha joto, anaiambia furu ioke saa moja, na imalize saa kumi, ili ijizime yenyewe hata kama yeye yuko uani. Ndivyo mwenye furu wa kwanza alivyomwonyesha Papa Ramazani, na Papa Ramazani akamwonyesha yeye.

"Saa kumi," Lumbu alisema.

"Saa kumi. Kila siku njo vile."

Lumbu alitikisa kichwa kukubali. Mimi pia nilikubali. Papa Ramazani alikubali. Hakukuwa na kosa lolote katika maneno yale. Naandika hili kwa sababu ndilo jambo lenyewe: watu wazima wanne, mmoja fundi, mmoja karani, mmoja mtangazaji, mmoja mwenye furu, tulisikia maneno yaleyale tuliyokuwa tumeyasikia kila mara, na tukaona ni sawa.

Mama Salima akaongeza kwamba hata saa ya furu haina akili, inaruka. Siku moja iko sawa, siku ingine inaonyesha namba isiyo saa.

Papa Ramazani alikataa kwa ukali kidogo. Umeme ukikatika usiku, alisema, namba zinarudi kwenye sifuri na zinaanza kupepesa, na furu haikubali kupika mpaka ipewe saa. Ni yeye anayeiweka kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, kwa saa yake ya mkononi, ambayo ni saa ya gare. "Iko juste," alisema. "Gari-moshi inaondoka na hiyo saa." Umeme ukichelewa kurudi mpaka yeye ameshaondoka, mke wake anaiweka mwenyewe, hana namna. Lumbu naye alisema alishawahi kulinganisha saa ya ile karte na ishara ya saa ya redio, na haikupotea hata kidogo.

Nilikuwa nakaribia kuaga.

Lumbu aliweka kikombe chini. "Mama," alisema, "usiniambie tena. Fanya. Fanya kama vile unafanyaka siku nisipokuwa hapa."

"Unataka kunifundisha furu yangu?"

"Anataka kuangalia mikono yako kama haina uchawi," Papa Ramazani alisema.

"Mikono yangu inakulisha, weye. Ungeiogopa tangu zamani."

Lakini aliinuka. Alifuta mikono kwa khanga, akasogeza bati la keki ndani, akafunga mlango, akazungusha kitufe cha joto. Akabonyeza alama ya chungu: saa moja ya kuoka. Akabonyeza alama ya bendera, ile ya kumaliza, kisha akaweka kidole kwenye alama ya kujumlisha na kuishikilia, namba zikikimbia. Akaachia.

Kumi, nukta mbili, sifuri sifuri.

Kisha akaachia vitufe vyote, na furu ikarudi kuonyesha saa yake. Ilikuwa kumi na tano na kitu. Nje, kwa sisi sote, ilikuwa saa tisa alasiri.

Nilimwona Lumbu anasimama kuelekea furu halafu anakaa tena bila kufika. Nadhani niliona alichokiona yeye katika wakati uleule, lakini yeye ndiye aliyesema.

"Mama, hapo imeandikwa ngapi?"

"Kumi na tano. Si nimesema inaruka? Tangu nizaliwe sijasikia saa kumi na tano."

"Na weye uliandika ngapi?"

"Saa kumi. Uliona."

"Niliona kumi," Lumbu alisema. "Saa kumi ni kumi na sita."

Alisema taratibu, kama anayemsomea mtu namba ya nyumba. Papa Ramazani alitazama saa yake ya mkononi, kisha namba za furu.

Nieleze kwa ufupi, kwa sababu miaka ijayo nikisoma ukurasa huu huenda nikawa nimesahau jinsi ilivyowezekana. Sisi hapa tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Ndivyo baba zetu walivyofanya, na ndivyo msikiti unavyofanya: saa ya ukutani ya Mama Salima, aliyoachiwa na baba yake, mishale yake imewekwa hivyo, na alasiri ile ilikuwa inaonyesha tisa waziwazi. Reli na ofisi zinahesabu tangu usiku wa manane, na zinaandika mpaka ishirini na tatu. Katika maneno hatujawahi kugombana. Karani wa reli akiulizwa sokoni gari inaondoka lini, macho yake yanasoma kumi na sita na mdomo wake unasema saa kumi. Hajui kwamba ametafsiri. Lumbu, ambaye kwao hawasemi hivyo, amekaa nasi muda wa kutosha. Masikio yake yanatafsiri bila kumwomba ruhusa. Kila Mama Salima aliposema saa kumi, fundi alisikia kumi na sita. Ni furu peke yake ambayo haikujua Kiswahili.

Furu iliambiwa sasa ni kumi na tano, na imalize kumi. Kumi ya leo ilikuwa imepita. Ikaamini ni kumi ya kesho, ikalala kungoja, taa zake zikiwaka. Kesho yake saa tatu asubuhi, yaani tisa ya reli, kama umeme haukukatika usiku, iliamka na kuoka saa nzima, tupu, kama ilivyoagizwa. Hilo ndilo jini la Mama Salima. Umeme ulipochelewa kurudi, aliiweka saa mwenyewe kwa saa ya baba yake, na namba zote mbili zikawa za kwake, keki iliiva. Lumbu alipokuja, aliweka saa yake na akabonyeza alama ya mkono, ile isiyongoja saa ya kumaliza, ikapata joto. Kila mmoja akiwa peke yake na furu alikuwa sahihi.

Karte ilikuwa nzima tangu siku ile ya kwanza alipoulehemu ule mguu. Hakuna kilichotolewa.

Papa Ramazani alianza kucheka, kicheko kinachoanza tumboni. Hakuna aliyemfuata, akakiacha. Mama Salima alibaki amesimama, mkono kwenye mlango wa furu iliyokuwa baridi.

"Mama," Lumbu alisema, "mukubwa wangu amenichukulia ufunguo. Juu ya maneno yako."

Hakuinua sauti. Mama Salima alinitazama mimi, na nikajua nimekuwa nani chumbani mle. Aliniomba niseme kwenye redio kwamba Lumbu si mwizi. Nilimjibu kwamba siwezi. Redio haikutangaza kwamba ni mwizi, na mtu ambaye hakutajwa akisafishwa kwenye redio, mji mzima utauliza alichafuliwa wapi. Nilisema hivyo kama mtu wa kazi, na ni kweli. Aliniona mgumu.

Lumbu ndiye aliyemaliza. Aliuliza yale maneno aliyasemea wapi.

"Gare. Kwenye meza yangu."

"Basi pale."

Hakuomba kitu kingine.

Mama Salima aligeukia furu. Alibonyeza alama ya mkono, kama alivyomwona Lumbu akifanya, na ndani ya muda mfupi kioo kikaanza kufuka. Wakati keki inaiva tulijadili saa ya furu iwe ya nani kuanzia leo. Lumbu alieleza kwamba mashine haijali, mradi mkono ni mmoja. Nilitazamia Papa Ramazani apigane. Yeye ni mtu anayerekebisha saa za wageni. Alifikiri, akavua saa yake ya mkononi, akaitia mfukoni.

"Gari-moshi haipiti jikoni," alisema. "Iweke ya kwako."

Lumbu akaweka saa ya furu kwa saa ya ukutani. Alimwonya mwenye furu kwamba baada ya magharibi itaendelea mbele na kuonyesha kumi na tatu, asishangae.

"Usiku sipikaki keki," Mama Salima alisema. "Usiku ninalala. Hata namba zilale."

Mvua ilikuwa imesita tulipofika gare. Wanawake wa meza walikuwa wamerudi, na wanunuzi wa jioni walikuwapo, kwa sababu gari ya kusini ilikuwa inangojwa. Mke wa mkuu wetu alikuwa amesimama na mwavuli, anachagua mikate. Sikuipanga hivyo. Hiyo ndiyo saa yake ya kununua, na Mama Salima aliijua kuliko mimi.

Aliweka keki mezani, hakuikata kwanza. Alisema kwa sauti anayotumia kuitia wanunuzi. Maneno yake nayaandika kama yalivyotoka, maana nilikuwa nimesimama karibu:

"Ile siku nilisema hapa, fundi alitoa kitu mu furu yangu. Hakutoa. Furu haikuharibika. Mimi na bwana wangu tulikuwa tunaiambia saa mbili tofauti, nayo ikakosa ya kufuata. Kosa iko kwetu nyumbani, haiko kwa Lumbu."

Alilitaja jina. Sikumbuki kama aliwahi kulitaja kabla ya leo.

Mwanamke wa meza ya pili aliuliza, na lile jini lililowasha furu asubuhi? Mama Salima akajibu, "Njo mimi," maana yake jini ni yeye mwenyewe. Hapo watu walicheka, naye akawaacha wacheke mpaka wamalize. Nafikiri hiyo ndiyo bei aliyokubali kulipa, na alilipa bila kupunguza.

Kisha akakata keki. Kipande cha kwanza hakukiweka mezani. Alikishika, akakizungusha mbele ya watu, akampa Lumbu mkononi.

Mke wa mkuu alichukua cha kwake, akala nusu kabla ya kusema lolote. Halafu akamwambia Lumbu kwamba atazungumza na bwana wake jioni hii, na Jumatatu aende kuchukua ufunguo wake, saa mbili asubuhi.

Lumbu alikuwa na keki mdomoni. Alimeza kwanza.

"Saa mbili ya nani, Mama?"

Wanawake walicheka bila kujua sana wanacheka nini. Mama Salima alijua. "Ya kwetu, mwanangu," alimjibu. "Kwenu wanaandika nane."

Tulirudi kwa miguu, Lumbu na mimi, tukikwepa madimbwi. Karibu na kwake Lumbu alifungua kifungo cha juu cha abakosi. Ufunguo bado uko mezani kwa mkuu, na mke wa mtu si mtu mwenyewe. Mpaka Jumatatu siandiki kwamba umerudi.

Kesho zamu ya asubuhi ni yangu. Kwenye karatasi itaandikwa sita, nami nitasema saa kumi na mbili kamili, kama nilivyosema maelfu ya asubuhi bila kufikiri. Najiuliza ni mangapi mengine ninayoyavusha hivyo, kila siku, mimi na wanaonisikiliza tukikubaliana kwa kichwa huku kila mmoja ameshika namba yake.